Namna ya Kutambua Oksidisheni na Ridaksheni Katika Milinganyo Nusu: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi hupewa mstari mmoja tu, 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻, kisha huulizwa kama ni oksidisheni au ridaksheni. Anatazama, haoni oksijeni mahali popote. Anaona kwamba alama ya kutoa iliyokuwa juu ya klorini imetoweka, anajiambia kuwa chaji imepungua, na kwa kuwa amefundishwa kuwa ridaksheni ni "kupunguza", anaandika ridaksheni. Amekosa, tena amekosa akiwa na sababu ambayo yeye mwenyewe anaiona ni nzuri.

Nimelisahihisha kosa hili mara nyingi mno kiasi cha kuamini kwamba halitokani na uvivu. Linatokana na kubeba kanuni tatu kwa wakati mmoja (ile ya oksijeni, kwamba kuipata ni oksidisheni; ile ya hidrojeni, kwamba kuipata ni ridaksheni; na ile ya elektroni, kwamba kuzipoteza ni oksidisheni na kuzipata ni ridaksheni) bila kujua ni ipi inayotangulia. Mwongozo huu unazipanga. Unaanza na elektroni, unaendelea na namba za oksidisheni (chaji ambayo kila atomu huhesabiwa kuwa nayo ndani ya kitu) pale elektroni zinapofichwa, na kanuni ya oksijeni unaiacha mlangoni kabisa, kwa kuwa katika milinganyo nusu hupotosha mara nyingi kuliko inavyosaidia.

Kemia ya sekondari, Tanzania na Kenya, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo istilahi zimeachwa hapa karibu na matamshi utakayokutana nayo darasani, ili usilazimike kujifunza jina jipya juu ya jambo lililo gumu tayari.

## Vitu unavyohitaji

- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya kuzungushia elektroni, nyingine ya kuandikia namba za oksidisheni juu ya elementi.
- Jedwali la elementi, hata lile dogo lililo nyuma ya kitabu.
- Milinganyo nusu kumi au zaidi kutoka kwenye mitihani iliyopita. Usichague ile rahisi peke yake.
- Kwa atakayefanya jaribio la Hatua ya 5: chupa tupu ya jamu, msumari mmoja wa chuma usiopakwa zinki, kipande cha msasa, glavu, maji, na kijiko kimoja cha chai cha mrututu, ambao hupatikana katika maduka ya pembejeo za kilimo.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ulicho nacho ni mlinganyo nusu

Mlinganyo nusu huonyesha upande mmoja tu wa biashara: ama wa anayetoa elektroni, ama wa anayezipokea. Mlinganyo mzima huonyesha wote wawili, na elektroni hazionekani ndani yake kwa sababu zile zilizotolewa ndizo zilizopokelewa.

Tazama mlinganyo huu mzima:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Ukiulizwa kama "huu" ni oksidisheni au ridaksheni, swali lenyewe lina kasoro, maana yote mawili yamo. Ugawe kwanza:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Sasa kila mstari una jibu moja. Kama mlinganyo uliopewa una ioni ambazo ziko vilevile pande zote mbili, kwa mfano SO₄²⁻ iliyokuja pamoja na shaba, ziondoe. Hazikushiriki.

Onyo. Si kila mmenyuko una oksidisheni na ridaksheni ndani yake. Mstari Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl haunazo kabisa: fedha ilikuwa +1 na imebaki +1, klorini ilikuwa −1 na imebaki −1. Huo ni utengenezaji wa mashapo tu, yaani ioni mbili zimekutana zikawa kitu kigumu. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kwamba kila swali lina jibu moja kati ya mawili hulazimisha jibu hata pasipo na jibu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuonyesha kwa kidole elementi moja tu inayobadilika katika mstari ulio nao.

## Hatua ya 2: Tafuta elektroni ziko upande gani wa mshale

Hii ndiyo hatua inayomaliza maswali mengi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua kalamu ya rangi, zungushia alama ya e⁻, kisha utazame iko wapi ukilinganisha na mshale.

Elektroni zikiwa kulia, yaani upande wa mazao, zimetoka kwenye kitu kilichokuwa kushoto. Kitu hicho kimepoteza. Hiyo ni oksidisheni.

Elektroni zikiwa kushoto, yaani upande wa vitu vinavyoingia, zinaingia pamoja na kitu kingine ili zimezwe nacho. Kitu hicho kimepokea. Hiyo ni ridaksheni.

Wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza wana vifupisho vyao vya kukumbushia. Sisi tuna herufi zinazotutosha: O ya oksidisheni ni O ya *ondokewa*, na R ya ridaksheni ni R ya *ruzukiwa*. Anayeondokewa na elektroni ameoksidishwa. Anayeruzukiwa elektroni amepata ridaksheni. Andika maneno hayo mawili pembeni mwa karatasi kabla hujaanza kujibu.

Rudi sasa kwenye mstari wa mwanzo, 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻. Elektroni ziko kulia. Klorini imeondokewa. Ni oksidisheni, na hatukuhitaji kuuliza lolote kuhusu oksijeni wala kuhusu alama ya kutoa iliyotoweka.

Kwa nini basi neno la "kupunguza" linakoroga akili? Kwa sababu kinachopungua katika ridaksheni ni namba ya oksidisheni, wala si idadi ya elektroni. Kila elektroni hubeba chaji ya −1, kwa hiyo anayeipokea hushuka. Mtu aliyeongezewa deni ameongezewa kitu, ni kweli, lakini hesabu yake imeshuka. Ukilishika hilo, hutashangaa tena kwamba anayepata ndiye anayeitwa aliyepunguzwa.

Kuna mitego mitatu katika hatua hii, na yote huonekana kwenye vitabu halali.

Mtego wa kwanza: elektroni zenye alama ya kutoa. Vitabu vingine huandika oksidisheni ya shaba hivi:

Cu − 2e⁻ → Cu²⁺

Elektroni ziko kushoto, na mwanafunzi mwenye haraka husema ni ridaksheni. Lakini hapa hazijaongezwa, zimetolewa. Zihamishie upande wa pili kama unavyofanya katika aljebra, upate Cu → Cu²⁺ + 2e⁻, ndipo ujibu. Kwa hiyo, unapozungushia e⁻, zungushia pamoja na alama iliyo mbele yake.

Mtego wa pili: mshale wa pande mbili. Zn²⁺ + 2e⁻ ⇌ Zn ukisomwa kutoka kushoto kwenda kulia ni ridaksheni, na ukisomwa kutoka kulia kwenda kushoto ni oksidisheni. Mshale wa namna hii peke yake haukuambii ni kipi kinachotokea. Tafuta habari nyingine kwenye swali: ni metali ipi inayoyeyuka, ni elektrodi ipi (kipande kinachoingiza au kutoa umeme kwenye myeyusho) inayoongezeka uzito, au ni volti ngapi.

Mtego wa tatu: jedwali la potensheli za elektrodi, yaani volti zinazoonyesha jinsi kila kitu kinavyoelekea kupokea elektroni. Kwa makubaliano ya kimataifa, mistari yote katika jedwali hilo huandikwa kama ridaksheni. Zinki imeandikwa Zn²⁺ + 2e⁻ → Zn, volti −0.76, shaba imeandikwa Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu, volti +0.34. Kuona zinki imeandikwa hivyo si ushahidi kwamba katika seli yako (kifaa kinachotoa umeme kwa mmenyuko) zinki inapokea elektroni. Ukiziunganisha hizo mbili katika hali sanifu, yenye potensheli ya juu hubaki ilivyoandikwa, na ya chini hugeuzwa. Shaba inabaki kuwa ridaksheni, zinki inageuka kuwa oksidisheni, na seli inatoa volti 0.34 − (−0.76), yaani 1.10.

Utajua umefanikiwa ukiweza kujibu mistari kumi yenye elektroni bila hata kusoma majina ya elementi zake. Funika kila kitu isipokuwa mshale, e⁻ na alama iliyo mbele yake. Jibu lazima liwe lilelile.

## Hatua ya 3: Elektroni zisipoonekana, hesabu namba za oksidisheni

Watahini hupenda kuzificha elektroni. Wanakupa MnO₄⁻ → Mn²⁺ na kunyamaza. Hapa ndipo kalamu ya pili inapofanya kazi: andika juu ya elementi inayobadilika namba yake ya oksidisheni upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, halafu ulinganishe. Ikipanda, ni oksidisheni. Ikishuka, ni ridaksheni.

Kanuni zinazohitajika ni chache:

- Elementi iliyo peke yake, iwe Zn, Cl₂ au O₂, ni 0.
- Ioni ya atomu moja ina namba sawa na chaji yake: Fe³⁺ ni +3, S²⁻ ni −2.
- Oksijeni iliyo ndani ya kampaundi ni −2 mara nyingi, lakini ndani ya peroksidi, kama H₂O₂, ni −1.
- Hidrojeni ni +1 ikiwa na elementi zisizo metali, na −1 ikiwa na metali, kama NaH.
- Jumla ya namba zote ni sawa na chaji ya kitu kizima: sifuri kwa molekuli, na chaji yake kwa ioni.

Sasa ile permanganeti. Upande wa kushoto, ichukulie namba ya manganizi kuwa x:

x + 4(−2) = −1, kwa hiyo x = +7.

Upande wa kulia, Mn²⁺ ni +2. Imeshuka kutoka +7 hadi +2, hatua tano. Ni ridaksheni, na elektroni tano zimeingia. Rangi ya zambarau iliyokolea ya permanganeti hufifia mpaka kutoonekana kwa sababu ya kushuka huko.

Simama hapa kidogo, kwa maana huu ndio mfano unaoangusha watu kuliko mwingine wowote. Ukitazama chaji ya ioni nzima badala ya namba ya manganizi, utaona −1 kushoto na +2 kulia. "Imepanda", utasema, na utaandika oksidisheni kwa moyo mweupe. Chaji ya ioni nzima imechanganyika na oksijeni nne ambazo zimekwenda zao kutengeneza maji. Haikuambii kitu kuhusu manganizi. Kanuni ni hii: chaji ya ioni nzima hutumika moja kwa moja pale tu ioni inapokuwa ya atomu moja. Ikiwa na atomu zaidi ya moja, hesabu x.

Angalia pia kesi ya kinyume. Kromati inapogeuka kuwa dikromati katika asidi, rangi hubadilika kutoka njano kuwa ya chungwa:

2CrO₄²⁻ + 2H⁺ → Cr₂O₇²⁻ + H₂O

Rangi imebadilika, oksijeni zimehama, chaji zimebadilika. Wanafunzi wengi huona ishara zote hizo na kutangaza ridaksheni. Hesabu: katika CrO₄²⁻, x + 4(−2) = −2, x ni +6. Katika Cr₂O₇²⁻, 2x + 7(−2) = −2, kwa hiyo 2x ni 12, na x ni +6. Kromu haijasogea hata hatua moja. Hakuna oksidisheni wala ridaksheni.

Onyo. Namba ya oksidisheni huandikwa kwa atomu moja. Katika Cr₂O₇²⁻ namba ya kromu ni +6. +12 ni jumla ya atomu mbili. Lakini unapohesabu elektroni, lazima urudi kuzidisha kwa idadi ya atomu. Tutaliona hilo katika hatua inayofuata.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba mbili tu za rangi juu ya kila mstari, moja kila upande, na ukaweza kusema "imepanda" au "imeshuka" na kwa hatua ngapi.

## Hatua ya 4: Ziandike elektroni mwenyewe ili ujipime

Jibu la Hatua ya 3 unaweza kulithibitisha bila kumwuliza mwalimu. Sawazisha mlinganyo nusu kwa njia isiyotumia namba za oksidisheni hata kidogo, kisha uone kama elektroni zimeangukia upande uliotarajia.

Tuchukue Cr₂O₇²⁻ → Cr³⁺ katika asidi. Mpangilio ufuatao usiubadilishe, kwa sababu kila kitendo huleta tofauti mpya inayorekebishwa na kinachofuata.

1. Sawazisha elementi inayobadilika: Cr₂O₇²⁻ → 2Cr³⁺.
2. Sawazisha oksijeni kwa kuongeza maji: Cr₂O₇²⁻ → 2Cr³⁺ + 7H₂O.
3. Sawazisha hidrojeni kwa kuongeza H⁺: Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ → 2Cr³⁺ + 7H₂O.
4. Hesabu chaji. Kushoto ni −2 + 14, yaani +12. Kulia ni +6. Upande wenye chaji kubwa zaidi ndio unaohitaji elektroni, na tofauti ni 6:

Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6e⁻ → 2Cr³⁺ + 7H₂O

Elektroni zimeangukia kushoto, kwa hiyo ni ridaksheni. Kwa namba za oksidisheni, kila kromu imeshuka kutoka +6 hadi +3, hatua tatu, na kromu ziko mbili: tatu mara mbili ni sita. Njia mbili tofauti zimekutana, na hapo unaweza kuandika jibu kwa wino.

Katika mazingira ya besi, maliza kwanza kama kwamba ni asidi, kisha ongeza OH⁻ pande zote mbili kwa idadi ya H⁺ zilizopo, na ufute maji yaliyojirudia. Permanganeti inayogeuka kuwa MnO₂ huishia hivi:

MnO₄⁻ + 2H₂O + 3e⁻ → MnO₂ + 4OH⁻

Kuhamia kwenye besi hakuhamishi elektroni upande. Zikihama, umekosea mahali fulani katikati.

Onyo. Kosa la kawaida hapa ni kuongeza elektroni upande wenye chaji ndogo, kwa kudhani kwamba upande wenye upungufu ndio wa kuongezewa. Elektroni ni hasi. Huongezwa pale chaji ilipozidi ili ishuke.

## Hatua ya 5: Ione kwa macho, msumari na mrututu

Hatua hii unaweza kuiruka, lakini waliowahi kuifanya hawaisahau oksidisheni tena. Mrututu ni salfeti ya shaba, zile chembe za buluu ambazo wakulima hutumia kutengenezea dawa za ukungu.

Vaa glavu. Yeyusha kijiko kimoja cha chai katika maji yapatayo robo kikombe ndani ya chupa ya jamu, mpaka upate rangi ya buluu iliyokolea. Sugua nusu ya msumari kwa msasa mpaka ung'ae, kisha utumbukize uzame nusu. Subiri dakika kumi, kisha utoe.

Sehemu iliyozama itakuwa imevaa koti jekundu la kahawia, laini kama masizi, ambalo hubanduka ukilipangusa kwa karatasi. Hiyo ni shaba. Ukiuacha msumari humo usiku kucha, buluu itafifia na kuelekea kijani hafifu, na msumari utakuwa umelika mahali pengine.

Mambo mawili yametokea kwa pamoja:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Chuma kimeondokewa na elektroni, kikaingia majini: oksidisheni. Ioni za shaba zimeruzukiwa elektroni hizohizo, zikawa shaba ngumu juu ya msumari: ridaksheni. Kufifia kwa buluu ni kwa sababu ioni za shaba zilizoleta rangi hiyo zimepungua majini.

Sasa swali linalowachanganya wengi: katika chupa hii, kisababishi cha oksidisheni ni kipi? Ni ioni ya shaba, ile yenyewe iliyopata ridaksheni, kwa kuwa ndiyo iliyochukua elektroni za chuma na hivyo kukisababisha kioksidike. Na kisababishi cha ridaksheni ni chuma, ambacho chenyewe kimeoksidishwa. Anayesababisha jambo kwa mwenzake hupatwa na kinyume chake yeye mwenyewe. Usijaribu kukariri hili, uliza tu "nani kamfanyia nani?" na jibu litakuja.

Onyo. Mrututu ni sumu. Usitumie kikombe wala sufuria ya jikoni, weka chupa mbali na watoto, nawa mikono baadaye, wala usimwage maji yake karibu na kisima au bwawa la samaki. Na kama msumari wako umepakwa zinki, kama ile ya mabati, zinki itatangulia kuoksidika kabla ya chuma, na maelezo yako yatakuwa ya metali isiyo sahihi.

## Hatua ya 6: Hamishia jibu kwenye elektrodi

Maswali ya seli na ya elektrolisisi (kulazimisha mmenyuko kwa kupitisha umeme) huuliza jambo lilelile kwa majina mengine. Elektrodi ambapo oksidisheni hutokea huitwa anodi. Ambapo ridaksheni hutokea huitwa kathodi. Herufi zinatusaidia tena: Anodi na Oksidisheni zote huanza na irabu, Kathodi na Ridaksheni zote huanza na konsonanti.

Ufafanuzi huo haubadiliki. Kinachobadilika ni alama za + na −, na ndiyo sababu kukariri "anodi ni chanya" ni hatari. Katika elektrolisisi ya maji ya chumvi yaliyokolea, anodi ni chanya, na hapo ndipo 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻ hutokea. Katika seli ya zinki na shaba, anodi ni zinki, na ni hasi.

Betri ya gari inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa bamba moja hubadilisha jina bila kuondoka mahali pake. Betri inapotoa umeme, kwenye bamba hasi la risasi hutokea:

Pb + SO₄²⁻ → PbSO₄ + 2e⁻

Risasi imepanda kutoka 0 hadi +2, elektroni ziko kulia. Ni oksidisheni, na bamba hilo ni anodi. Fundi anapoiweka betri kwenye chaja, bamba lilelile, lenye alama ileile ya −, hurudi nyuma:

PbSO₄ + 2e⁻ → Pb + SO₄²⁻

Sasa ni ridaksheni, na bamba ni kathodi. Aliyekariri alama atakosa swali moja kati ya hayo mawili.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja anodi baada ya kuandika mlinganyo nusu, na si kabla yake.

## Mazoezi

Kwa kila mstari, sema ni oksidisheni, ridaksheni au si lolote, kisha utaje elementi inayobadilika na hatua zake. Elektroni zimefichwa kwa makusudi mahali pengi.

1. Fe³⁺ + e⁻ → Fe²⁺
2. Al − 3e⁻ → Al³⁺
3. SO₃²⁻ → SO₄²⁻
4. NO₃⁻ → NO
5. C₂O₄²⁻ → 2CO₂
6. MnO₄⁻ → MnO₄²⁻
7. NH₃ + H⁺ → NH₄⁺
8. H₂O₂ → O₂, na H₂O₂ → H₂O

## Majibu

1. Ridaksheni. Chuma kimeshuka kutoka +3 hadi +2. Kwamba ioni bado ni chanya haina uhusiano wowote na jibu.

2. Oksidisheni. Elektroni zimetolewa upande wa kushoto. Zihamishe kulia kabla ya kujibu.

3. Oksidisheni. Salfa imepanda kutoka +4 hadi +6, ilhali chaji ya ioni nzima ni −2 pande zote mbili. Ukisawazisha: SO₃²⁻ + H₂O → SO₄²⁻ + 2H⁺ + 2e⁻.

4. Ridaksheni. Nitrojeni imeshuka kutoka +5 hadi +2: NO₃⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → NO + 2H₂O.

5. Oksidisheni. Katika oksaleti, 2x + 4(−2) = −2, kwa hiyo kila kaboni ni +3; katika CO₂ ni +4. Kila kaboni imepanda hatua moja, na ziko mbili, hivyo elektroni mbili zinaandikwa kulia. Mtu aliyetumia kanuni ya oksijeni hapa hana pa kushika, maana oksijeni ni nne kila upande.

6. Ridaksheni. Manganizi imeshuka kutoka +7 hadi +6, elektroni moja kushoto. Zambarau hugeuka kijani.

7. Si lolote. Nitrojeni ni −3 kushoto na −3 kulia. Amonia imepokea protoni, haikupokea elektroni. Waliojibu kwa kuona hidrojeni imeongezeka wamenaswa na kanuni ya zamani.

8. Ya kwanza ni oksidisheni: oksijeni imepanda kutoka −1 hadi 0, H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻. Ya pili ni ridaksheni: oksijeni imeshuka kutoka −1 hadi −2, H₂O₂ + 2H⁺ + 2e⁻ → 2H₂O. Ukiijumlisha mistari hiyo miwili, elektroni na H⁺ hufutana, na kinachobaki ni 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, ule mmenyuko unaotoa povu dawa ya peroksidi inapogusa kidonda. Kitu kimoja kimekuwa mtoaji na mpokeaji kwa wakati mmoja, na aliyeiandika oksijeni kuwa −2 kwa mazoea hawezi kuliona hilo.